Twalib wa Bucha na Mgeni wa Mwalimu Valentini

Hapa Kivinje mtu akitaka kumtaja Twalib hutaja kwanza kisu chake. Miaka kumi na nane yeye ndiye aliyemlaza ng'ombe wa kwanza wa Idd, yule wa mchango wa mtaa, na hajatokea mtu wa kusema kisu cha Twalib kilirudi shingoni mara ya pili. Hupita mara moja, bismillahi ingali mdomoni, na ng'ombe hana habari. Kisu hicho hukinoa kila siku baada ya swala ya asubuhi, awe na ng'ombe, asiwe naye, kwa sababu anasema kisu butu ni dhuluma. Shule aliishia darasa la nne, akatolewa akashike kamba za ng'ombe wa baba yake. Lakini neno akishalisema mbele ya mtu, hilo limekwisha semwa. Wenye vyeti vyao wangapi wanaweza hivyo? Tuache.

Nyuma ya nyumba yake kuna chumba cha kupangisha, na humo alikaa mwalimu Valentini, mtu wa Njombe, aliyeletwa kufundisha hesabu sekondari. Kijana mpole, mrefu kama mnazi, anayesalimia mpaka kuku. Mwaka jana alifiwa na mama yake. Alipotoka kuzika alirudi na boksi lenye matundu, na ndani ya boksi mlikuwa na simbilisi.

Asiyemjua simbilisi asione haya kuuliza, hata Kivinje waliuliza. Ni kinyama cha mviringo, unaweza kusema panya aliyenyimwa mkia akapewa unene, ila hila za panya hana. Haibi, hatoboi gunia, hapandi ukutani. Kwao Njombe hufugwa jikoni, huzunguka miguuni mwa mpishi akitafuna maganda na majani, na siku ya siku huliwa. Mama yake Valentini aliwafuga tangu alipoolewa. Baada ya msiba ndugu waligawana vyombo, wakagawana na simbilisi, na huyu mmoja mwenye baka la kahawia jichoni akamwangukia mwalimu. Mwalimu akasema huyu haliwi. Kutoka jiko la mama yake, kilichobaki ni hicho tu.

Sasa mwalimu akaitwa semina Mtwara, wiki tatu, na wiki zenyewe zikaangukia Ramadhani. Akaja na boksi lake barazani.

"Shikamoo mzee Twalib."

"Marahaba, mwalimu. Safari imefika?"

"Imefika. Naomba uniangalizie huyu mgeni wangu. Nikimpakia kwenye basi tena atanifia."

"Anakula nini?"

"Majani tu, mzee. Mwekee majani na maji. Hana makuu."

"Hiyo ni amana," Twalib akasema, akalipokea boksi kwa mikono miwili. "Nimeipokea."

Mwalimu hakusema saa za kula, maana kwao nani anahesabu saa za simbilisi? Yuko chini jikoni, anaokota mchana kutwa. Na Twalib hakuuliza. Hapo ndipo balaa lilipoingilia, kupitia mlango ambao kila mmoja alidhani mwenzake kaufunga.

Ijulikane kwamba nyumba ya Twalib ikifunga, inafunga. Mkewe Nusaiba alikuwa Mingoyo kwa binti yao aliyejifungua, lakini hata akiwa peke yake Twalib hakuwasha moto mchana, wala sahani haikusogezwa mpaka adhana ya magharibi. Siku ya kwanza alimwekea mgeni ukoka asubuhi. Mgeni akakaa pembeni ya mkeka anatafuna, kru kru kru, adhuhuri kru kru, alasiri kru kru, na Twalib kalala na kiu yake anamsikiliza. Akaona hapana. Si kwa choyo. Aliona kama ni utovu wa adabu kumwacha kiumbe mmoja ale peke yake katika nyumba ya wenye njaa, kama mgeni asiyeshirikishwa jambo la wenyeji. Akaamua mgeni atakula pamoja na nyumba.

Basi adhana ikilia, Twalib anafungua kwa tende, na mgeni naye anapewa tende, moja, iliyotolewa kokwa. Kisha anapewa majani, na muhogo wa nazi kidogo. Wakati wa daku anawekewa tena. Baina ya hapo, boksi tupu, maji tu kwa kuwa ni mnyama. Twalib alijiona amemkirimu. Tende zenyewe zilikuwa nzuri, za duka la Fatemabai.

Mfungo wa ishirini na sita mgeni hakuigusa tende. Wa ishirini na saba hakugusa majani. Alijikunyata kwenye kona ya boksi, manyoya yamesimama, anasaga meno, na ndani ya boksi hamna hata punje moja ya choo. Twalib alimnyanyua. Mtu yule ameshika matumbo maisha yake yote, akiyafungua anajua ng'ombe alikula nini na lini. Alipopitisha vidole chini ya mbavu alikuta tumbo gumu, limejaa upepo kama ngoma. Akaweka sikio. Tumbo la mnyama mzima huongea. La huyu lilikuwa limenyamaza.

Siku hiyo bwana mifugo, Likwata, alikuwa amekuja kutoka Masoko kukagua ng'ombe wa Idd. Twalib akamngoja amalize.

"Bwana Likwata, nina mgonjwa mwingine nyumbani."

"Mbuzi?"

"Twende ukaone."

Likwata aliinama juu ya boksi, akasimama. "Mzee wangu, mimi mtu wa ng'ombe na kuku. Huyu nilimwona chuoni siku moja, na siku hiyo nilikuwa nasinzia." Hata hivyo si mtu mbaya. Akampigia simu mwenzake aliyesoma naye, yuko Iringa, akaweka sauti kubwa.

"Anakula?" sauti ikauliza.

"Hali."

"Choo?"

"Tangu juzi hakuna."

"Mlikuwa mnampa chakula mara ngapi kwa siku?"

Likwata akamtazama Twalib. Twalib akasema, "Mara mbili. Magharibi na daku."

Kisha sauti ikauliza polepole, "Kwani na yeye amefunga?"

Likwata alicheka mpaka akakaa chini, akashika nguzo. Twalib hakucheka. Aliuliza tu, "Kuna ubaya gani?"

Akaelezwa ubaya. Simbilisi utumbo wake hautakiwi kulala. Majani yaingie mchana na usiku, kidogo kidogo, ndiyo yanayosukuma yaliyotangulia. Yakikatika nusu siku, utumbo unasimama. Ukisimama, upepo unajaa. Na tende juu yake ni kumwagia petroli motoni. Dawa ni kumlisha kwa nguvu, majani yaliyosagwa yakawa uji, kwa bomba la sindano, kila saa mbili, usiku na mchana, na kumkanda tumbo mpaka lifunguke. Na apate mapera, kwa kuwa mwili wake hauwezi kukaa bila vitamini ya matunda.

"Na asipofunguka?"

"Basi kesho kutwa mtazika, mzee."

Likwata alipokuwa anapanda pikipiki yake alisema kwa sauti ya chini, "Hili la kufungishwa sitamwambia mtu, mzee. Mwalimu akirudi, mwambie aliugua. Wanyama huugua."

Twalib akamshukuru kwa kuja. Kwa kuja tu.

Alikwenda kwanza kwa Fatemabai, maana duka lake lina upande wa dawa. Mama yule amezeeka nyuma ya kaunta ile, na hauzi kitu bila kuhoji.

"Bomba la sindano, bila sindano," Twalib akasema.

"Nani mgonjwa?"

"Mgeni wangu."

"Ana kilo ngapi? Bomba ziko kubwa na ndogo."

"Kilo hajafika."

"Ya Allah! Kilo hajafika, umemwacha nyumbani? Mpeleke hospitali, Twalib! Mtoto wa nani?"

"Wa mwalimu Valentini."

"Mwalimu kazaa lini?"

Ikabidi aeleze, na wateja wanne wamesimama nyuma yake. Mpaka anafika kwake, habari ilikuwa imemtangulia kwa njia ya uchochoroni: Twalib wa bucha anamnyonyesha panya.

Dada yake Kudra, mkubwa wake kwa miaka sita, anakaa nyumba ya pili, na ndiye mwenye kinu. Twalib akaenda kukiazima.

"Kinu changu?" Kudra akasema. "Kinu cha kisamvu, umtwangie panya?"

"Si panya, dada."

"Ana mkia?"

"Hana."

"Basi ni panya aliyepatwa na ajali. Sitoi kinu. Mwezi mtukufu huu, watu wanahitimisha Kurani, ndugu yangu anatwangia panya! Baba angekuona!"

"Baba ndiye aliyenifundisha amana."

"Alikufundisha amana ya watu."

"Na huyu ni wa mtu."

Kudra hana mazoea ya kushindwa maneno. Akafunga mlango.

Kinu hakikupatikana. Twalib akarudi nyumbani, akachukua gogo dogo, akalipara mpaka likawa jeupe, akaweka ukoka na mchicha, akashika kisu. Na hapa ndipo mtu anapotakiwa kumvulia kofia. Kile kisu kinachopita shingoni mara moja, alikipitisha juu ya majani yale mara elfu. Alikata, akakusanya, akageuza, akakata tena, nyuzi za ukoka zikawa vumbi la kijani, vumbi likatiwa maji ya vuguvugu likawa uji. Hakuweza kuonja kama ni moto au baridi, ana saumu yake. Akapima kwa kudondoshea nyuma ya kiganja, kama wanawake wanavyopima maziwa ya mtoto.

Mara ya kwanza alimtia bomba mdomoni kwa mbele, mgeni akapaliwa, akatoa sauti nyembamba ya kukata moyo. Twalib akatoa bomba, akatulia, akafikiri. Akakumbuka ndama wa kunyweshwa dawa: pembeni, nyuma ya meno ya mbele, pale pana mwanya. Akamfunga kwa kanga ya Nusaiba, kichwa tu nje, akampakata, akaingiza pembeni tone moja. Akangoja ameze. Tone jingine. Bomba moja lilichukua muda wa kutoka adhana ya alasiri mpaka watu wamerudi msikitini. Kisha akamlaza tumbo juu ya mapaja, akamkanda kwa kidole gumba, kuelekea nyuma, polepole. Mikono ile watoto wa mtaa huiogopa. Akaweka sikio. Kimya.

Siku ya ishirini na nane ilipita hivyo, kila saa mbili. Bucha ilifunguliwa na mpwa wake. Wapita njia walichungulia barazani.

"Twalib, mgonjwa kaamkaje?"

"Alhamdulillahi."

"Ukishamponya, na wa kwangu darini wana mafua!"

Aliwaacha wacheke. Ndani yake kulikuwa na kitu kimoja tu kinachomsumbua, na si maneno yao. Ng'ombe wote aliowahi kuwalaza aliwalaza kwa haki, kwa jina la Mola, kwa kisu kikali. Huyu alikuwa anamuua kwa njaa, bila kisu, bila kumwelekeza kibla, tena kwa kudhani anamfanyia ihsani. Na aliyemwamini yuko Mtwara, hana habari.

Jioni alikuta kikapu kizingitini, mna mapera sita yaliyoiva. Kudra alikuwa anafagia uwanja wake kama asiyemwona.

"Dada, mapera haya?"

"Yameanguka. Nilikuwa nayatupa."

Mpera wa Kudra uko nyuma, na pera linaloanguka kwenye mawe yale hupasuka. Haya hayakuwa na hata mkwaruzo.

Ikaja siku ya ishirini na tisa, siku ya ng'ombe wa mtaa. Asubuhi watu wamejaa machinjioni kwa sababu yake. Saa za kuchinja, kuchuna na kugawa mafungu mtaa mzima ni kutwa nzima, na anayechinja ndiye anayesimamia mpaka fungu la mwisho, ndiyo ada. Twalib alipiga hesabu ya saa mbili mbili, akaona njia ni moja, amchukue mgeni kwenye kikapu. Akamfunika kwa kanga, akatia bomba na kopo la uji, akaenda navyo. Watu walimpisha njia kwa vicheko.

Ng'ombe alipovutwa chini, akaguna. Na ndani ya kikapu mgeni akaruka, akapiga ukelele, kisha akakakamaa. Twalib aliingiza mkono, akakuta moyo unakwenda mbio mpaka hauhesabiki. Harufu ya damu ya jana ilikuwa kwenye zege lile, na mnyama anaijua hata kama hajawahi kuiona. Twalib alisimama, kikapu mkono huu, kisu mkono ule. Wazee wa mtaa walikuwepo, na vijana, na Yunusu, mchinjaji wa pili, ambaye miaka saba anangoja Twalib aumwe hata kidole.

"Yunusu," akasema. "Chinja wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kisu hiki nimekinoa leo asubuhi. Kisiguse mfupa."

"Mzee Twalib," mmoja akaita, "unaacha ng'ombe wa watu kwa ajili ya panya?"

"Ng'ombe anaye Yunusu," Twalib akasema. "Huyu hana mwingine."

Akamkabidhi kisu, mpini mbele, akageuka akaenda zake na kikapu. Miaka kumi na nane, ikaishia pale. Wapo wanaosema alijidhalilisha. Hao waulizwe wao kitu gani walichowahi kukiacha mbele za watu.

Nyumbani alifunga dirisha, akamlaza mgeni kifuani apate joto, na akaendelea. Saa nne, bomba. Saa sita, bomba na maji ya pera. Saa nane, bomba. Akikanda, akisikiliza. Mvua ya masika ilipiga bati ikanyamaza, naye akatoka kukata ukoka, akaukung'uta maji na kuuanika kwanza. Karibu na alasiri aliweka sikio kwa mara ambayo hakuihesabu, na akasikia kitu, kidogo, kama maji yanayopita chini ya mchanga. Hakujitikisa. Kikasikika tena. Halafu mgeni akajipinda mapajani mwake, na juu ya kanga ya Nusaiba kikaanguka kidonge kimoja cha choo, kirefu, cheusi, kama punje ya mpunga iliyoungua. Kisha cha pili. Kisha vitano kwa pamoja.

Twalib alipiga kelele ambayo Kudra aliisikia kwake. Akaja mbio, mwiko mkononi, akidhani kaanguka.

"Nini? Nini tena?"

"Amekunya, dada! Tazama! Amekunya!"

Kudra akatazama. Akamtazama ndugu yake, mtu wa miaka hamsini na minane, ndevu zina majani, kakamata kinyesi kwenye kiganja kama anaonyesha lulu, na machozi yanamtoka. Alikuwa na maneno tayari. Akayameza, ingawa ana saumu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Haya, kanawe. Umebakisha udhu gani?"

Mwezi uliandama jioni ile. Idd, Twalib aliswali safu ya nyuma ili awahi kutoka. Nyama ya fungu lake aliletewa na Yunusu mwenyewe, pamoja na kisu, kimeoshwa, kimefungwa kwenye kitambaa. Hakikuwa kimegusa mfupa.

Siku ya tatu ya Idd mwalimu Valentini alishuka kwenye gari, mfukoni ana peremende za watoto wa mtaa. Kudra alimwahi ndugu yake uani.

"Sikiliza, Twalib. Likwata hakusema, lakini mimi si mjinga, najua ulikuwa unampa nini na saa ngapi. Mwambie kaugua, umemuuguza. Ni kweli yote mawili. Utajivunjia heshima kwa nini?"

"Amana hairudishwi nusu, dada."

"Nusu gani? Mnyama si huyo mzima?"

Twalib akatoka barazani. Akamkaribisha mwalimu mkekani, akampa maji, akamwekea boksi mbele. Valentini alifungua, akacheka kwa furaha, kisha kicheko kikapungua. Mgeni alikuwa hai, macho yake maangavu, lakini mbavu zilikuwa zinahesabika.

"Amekonda, mzee."

"Amekonda. Nilimfungisha Ramadhani, mwalimu. Mchana sikumpa kitu. Nilimpa magharibi na daku, na tende. Tumbo likasimama. Sikujua, lakini wala sikuuliza. Bado kidogo ningekurudishia boksi tupu."

Valentini alimtoa mgeni, akamweka shavuni, akakaa hivyo muda mrefu mpaka Twalib akatazama chini. Kudra alikuwa mlangoni, amesimama kama askari, tayari kumvaa mwalimu akimtukana ndugu yake.

"Mama alikuwa anatuchapa," Valentini akasema mwishowe, "tukisahau kuwamwagia majani asubuhi. Sikukwambia hilo, mzee. Nilisema hana makuu." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Sasa anakula mwenyewe?"

"Anakula. Ila bomba bado, asubuhi na jioni, wiki hii nzima, mpaka unene urudi. Hujawahi kumlisha kwa bomba?"

"Sijawahi."

"Kaa vizuri basi. Kunja miguu." Twalib akaleta kopo la uji wa majani na kanga, akamfunga mgeni kichwa nje, akamweka kwenye mapaja ya mwalimu, akampa bomba. Mwalimu wa hesabu akalishika kama anayeshika kalamu, akalielekeza mdomoni kwa mbele.

"Siyo hapo, utampalia," Twalib akasema, akamshika kifundo cha mkono, akamwongoza. "Pembeni. Hapo penye mwanya. Tone moja. Sasa ngoja ameze. Usimwahi, mwalimu. Ngoja."

Wakangoja.